Bi Mwanamvua Halii

Kibanda kilikuwa Ngamiani, Tanga. Mabati juu, mabati ubavuni, na ndani televisheni mbili za chogo, PlayStation 2 mbili na benchi moja ya mbao iliyokuwa ikitoboa kaptula. Nusu saa ililipiwa shilingi 200. Memori kadi ilikuwa moja tu, ya megabaiti 8, na humo ndani tuliishi watoto wote wa mtaa, kila mmoja na sevu yake, tukiombea usiku kucha asitokee mjinga wa kusevu juu ya mwenzake.

Gemu tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa San Andreas, ya mfululizo wa Grand Theft Auto, ile iliyotoka mwaka 2004. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, lakini mwanzo wake tuliuelewa bila mkalimani: mtu aliyekaa mbali miaka 5 anarudi nyumbani kwa sababu mama yake amefariki. Anaitwa Carl Johnson, sisi tukimwita CJ kama anavyoitwa na ndugu zake. Kisha unapewa wewe. Wewe ndiye unayemtembeza, unayemlisha, unayemnyoa.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza jambo ninaloliandika leo, ingawa lilinichukua karibu miaka 20 kulielewa. Kila mtoto pale kibandani alikuwa na CJ wake. Mmoja alimlisha baga mpaka akanenepa, kisha akamzidishia mpaka akatapika, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Mwingine alikuwa hatoki jimu, CJ wake ana mabega kama mbeba magunia wa bandarini. Wangu alikuwa mwembamba, nywele fupi, fulana nyeupe ileile aliyokuja nayo, na kazi yake kubwa ilikuwa kuogelea. Katika gemu iliyotangulia, Vice City ya mwaka 2002, Tommy Vercetti akiingia majini anakufa papo hapo. Mtoto wa Tanga anayeshinda pwani ya Raskazone kila Jumapili, hilo lilikuwa linaniuma kweli. CJ anaogelea. Anapiga mbizi, na kadiri unavyomzamisha ndivyo mapafu yake yanavyoongezeka pumzi. Chini ya maji zimefichwa chaza 50, na mimi nilikuwa natumia nusu saa yangu yote kuzitafuta. Wenzangu walikuwa wanapiga kelele nyuma yangu: "Endesha misheni wewe, unapoteza hela!" Sikuwa napoteza kitu. Huyo ndiye CJ niliyemtaka.

Sasa kuna ile misheni ya treni. Aliyecheza anaijua. Unaendesha pikipiki sambamba na reli, Big Smoke, mwenzake CJ, yuko nyuma yako na bunduki, na juu ya mabehewa kuna watu wa genge la Vagos anaotakiwa kuwamaliza. Ukisogea sana hapigi vizuri, ukikaa mbali treni inakuacha. Nilishindwa siku nne mfululizo. Siku ya tano, kaka mmoja mkubwa wa mtaani, fundi wa gemu tuliyemheshimu wote, alininyoshea mkono. "Lete pedi, nikupitishie."

Nikampa. Akapita mara ya kwanza. Kibanda kizima kikashangilia, akanirudishia pedi, akanipigapiga begani. Alikuwa na nia njema kabisa. Lakini ninachokikumbuka ni mikono yangu, ilivyokuwa mapajani mitupu wakati CJ wangu anaendeshwa na mtu mwingine. Aliendesha vizuri kuliko mimi, na hakuwa CJ tena. Baada ya siku ile sikuirudia sevu yangu. Nilianza upya na chaza nikazitafuta upya.

Babu yangu alikuwa mchezaji wa bao. Pale barazani kwao, mtazamaji aliruhusiwa kusema lolote, kumcheka mchezaji, hata kumwambia amelogwa. Lakini aliyenyoosha mkono akagusa kete isiyo yake, hapo mchezo ulisimama na mtu yule aliondoka. Nilikuwa naona ni ukali wa wazee tu.

Mwaka 2021 nilikuwa Dar es Salaam, Temeke, nafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi na kuuza vifaa vya shule. Mchana wa Jumamosi kazi ni chache. Kwenye simu nilikuwa nimesoma habari za Dungeons & Dragons, na sheria zake za msingi zipo bure mtandaoni, basi siku moja nikazichapa kurasa chache kwa mashine ya duka (karatasi nililipia mwenyewe), nikawaita vijana wawili wa jirani. Tukakaa nyuma ya duka, kwenye meza ya kukatia karatasi.

Kwa asiyeujua, mchezo huu hauna kioo wala pedi. Mtu mmoja ni msimulizi. Anaeleza ulimwengu: kuna kisiwa, kuna ngome, mlango umefungwa, ndani unasikia mbwa. Wengine kila mmoja ana mhusika wake mmoja, aliyeandikwa kwenye karatasi kwa sifa 6: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Msimulizi anauliza, "Unafanya nini?" Mchezaji anajibu. Kama jambo lenyewe lina mashaka, inarushwa dadu ya pande 20.

Dadu za pande 20 hatukuwa nazo. Tulikata vikaratasi, tukaviandika namba 1 hadi 20, tukavitia kwenye kikombe cha plastiki. Baadaye nilikuja kusoma kwamba huko Marekani kwenyewe, mwaka 1979 dadu zilipoadimika, sanduku la mchezo huu liliuzwa na vipande vya karatasi ngumu vya kuchomoa kama vyetu. Nilifurahi kama niliyepata barua ya ndugu.

Kulikuwa na jambo lingine katika historia ya mchezo ambalo ningelitilia maanani mapema ningejiepusha na mengi. Kabla yake, watu wa Marekani waliokuwa wakicheza vita mezani walikuwa wanaongoza majeshi. Mchezaji mmoja, askari mia. Mwaka 1969, kule Minnesota, kijana aliyeitwa David Wesely aliandaa mchezo ambao kila mmoja alipewa mtu mmoja tu ndani ya mji wa kubuni uitwao Braunstein. Wachezaji wakaondoka mezani, wakaenda kunong'onezana pembeni, wakapanga njama wao kwa wao, na Wesely akashindwa kabisa kuushika mchezo. Alirudi nyumbani akiamini ameharibu. Wenzake wakamwomba aandae mwingine. Mmoja wao alikuwa Dave Arneson, na ni yeye pamoja na Gary Gygax waliochapisha Dungeons & Dragons mwaka 1974, nakala 1,000 za kwanza. Mchezo mzima umezaliwa siku ambayo msimamizi aliona wahusika wamemtoka mikononi.

Mimi nilikuwa siwaachi wanitoke.

Nadhani najua kwa nini. Sisi usimulizi tumejifunza kwa bibi. "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Na utamu ulikolea kwa sababu bibi alikuwa mwenye kila kitu. Sungura akiogopa, bibi ndiye aliyesema kaogopa. Fisi akilia, ni bibi aliyemliza. Hakuna mjukuu aliyeinua mkono akasema, "Bibi, Sungura wangu hawezi kufanya hivyo." Nilipokaa nyuma ya duka na kikombe changu, nilifungua kila Jumamosi kwa maneno yaleyale ya bibi, vijana wakaitikia, na bila kujua nikabeba na mamlaka yake yote.

Mpwa wangu alijiunga mwaka 2022. Alikuwa na miaka 15. Baba yake, shemeji yangu, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na tangu hapo kijana alikuwa mtu wa maneno mawili: "ndiyo" na "sawa". Dada aliniomba nimchukue Jumamosi, ashinde na wenzake.

Tukamtengenezea mhusika. Kila sifa inachomolewa mara tatu kutoka vikaratasi vya 1 hadi 6, unajumlisha, ndogo kabisa ni 3 na kubwa kabisa ni 18. Nguvu zake zilitoka 5. Wenzake wakacheka, wakamwambia achomoe tena, nami nilikuwa tayari kumruhusu. Akasema, "Sawa tu." Busara ikatoka 17. Akaitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Mtu dhaifu hivi mwenye busara hivi ni nani? Wengine walikuwa na wapiganaji, mwizi, mchawi kijana. Yeye akaandika juu ya karatasi: Bi Mwanamvua. Bibi kizee wa pwani, anatembelea mkongojo, ana kijaluba cha tambuu, na mvua humsikiliza.

Uchaguzi ule ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kuuona pale mezani, na mimi mwenyewe nikaenda kuuvunja.

Ilikuwa Jumamosi yao ya tatu kwenye jahazi la maharamia. Nahodha amewashika, ameshachomoa jambia, amemsogelea bibi kizee. Nilikuwa nimeshapanga usiku wa kuamkia siku ile jinsi tukio litakavyokwenda, na nilikuwa nimelipenda. Kwa hiyo sikuuliza. Nikasimulia kwa sauti ya bibi yangu: "Bi Mwanamvua magoti yanamlegea. Anaanguka. Analia, anamwomba nahodha amhurumie..."

"Halii," akasema mpwa wangu.

Nikaendelea.

"Mjomba. Halii."

Nikamwambia ngoja kwanza, utaona hadithi inakokwenda. Akasema tena kwamba halii. Na mimi, mtu mzima, mbele ya watoto, nikamjibu, "Msimulizi hapa ni nani?"

Akaikunja karatasi ya Bi Mwanamvua mara mbili, akaitia mfukoni, akanishukuru kwa heshima zote kama alivyofundishwa, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena hakuja.

Nilimlaumu kwa dada. Nilisema mtoto hapendi kushindwa. Dada alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. Akaniambia, "Siku ya kumzika baba yake hakulia. Unakumbuka walivyomsema? Mashangazi wote. Mtoto mgumu, mtoto hana uchungu. Mmoja alimshika kichwa akamwambia lia, mlilie baba yako. Mbele za watu."

Nilikuwepo siku ile. Nilikuwa mmoja wa waliosimama pale, na nilifikiri vilevile.

Sijui kuna njia gani ya kulieleza hili isionekane ninaukuza mchezo wa vikaratasi. Mtu akiwa na mhusika wake, ulimwengu wote si wake: upepo, maadui, ukuta, njaa, bahati ya kikombe, vyote viko nje yake na vinaweza kumfanya lolote. Kilicho chake ni kimoja, nacho ni yale ambayo mhusika anataka, anahisi na anajaribu kufanya. Ukimwondolea hicho hujamwachia kitu. Msimulizi anaweza kumwua Bi Mwanamvua kwa haki kabisa, kwa sheria na kwa namba. Kumliza hawezi. Machozi yake hayapo kwenye upande wangu wa meza.

Nilikwenda kwao Jumatano jioni. Nilimwambia maneno mafupi, kwamba nilikosea, kwamba Bi Mwanamvua ni wake, na kwamba jahazi limesimama palepale tulipoliacha. Hakusema kitu zaidi ya "sawa". Jumamosi akaja, karatasi ina mikunjo minne. Kuanzia kwenye kuchomoa jambia nikasimulia upya, kisha nikauliza swali nililopaswa kuuliza mwezi mzima kabla.

"Nahodha amesimama mbele yako. Bi Mwanamvua anafanya nini?"

Alinyamaza kwa muda ambao kwenye simulizi zangu za zamani nisingeuvumilia. Wenzake walianza kutazamana. Nikauma ulimi.

"Anakaa chini," akasema. "Taratibu, kwa sababu ya magoti. Anafungua kijaluba. Anamwambia nahodha, mwanangu, kaa tutafune, umechoka."

Hata mwizi wetu, ambaye hakuwahi kukaa kimya, alikaa kimya. Nikamwambia achomoe. Busara ya 17 inampa nyongeza ya 3. Akachomoa 4. Jumla 7, na nahodha yule alihitaji 15. Alishindwa vibaya sana: nahodha alikipiga teke kijaluba kikaenda baharini. Mpwa wangu akatupa kichwa nyuma akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Alishindwa jambo lake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, na hilo halikumuumiza hata kidogo.

Toka siku ile nilibadilisha maandalizi yangu. Sikuandika tena nini kitatokea. Niliandika nahodha anataka nini, nani anamdai, maji ya kunywa yamebaki mapipa mangapi. Wahusika wangu mimi msimulizi nikawajaza matamanio na hofu kadiri nilivyoweza, kwa sababu hao ndio niliopewa. Wa wenzangu nikawaachia wenzangu. Kazi ikawa ngumu zaidi, na Jumamosi mbili zilivurugika kabisa (moja iliishia kwa wote kuamua kufungua mgahawa wa supu kisiwani), lakini hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Lazima niseme na upande wa pili, maana uhuru huu nao una namna ya kuumiza. Binti wa jirani ndiye aliyekuwa na mwizi. Mwizi wake alikuwa anawaibia wenzake. Kila Jumamosi mtu anaamka hana kisu, hana sarafu, hana dawa ya jeraha. Wakilalamika, jibu lake ni moja: "Ndivyo alivyo. Mwizi anaiba." Nami nilikuwa nimeshaapa kutogusa mhusika wa mtu, kwa hiyo nikanyamaza, na wiki baada ya wiki nikaona vijana wanakaa mbali naye mezani, wanaficha karatasi zao kama kwenye mtihani.

Nilimsubiri wenzake waondoke. Nikamuuliza, "Huyu mwizi nani kamtengeneza?" Akasema, "Mimi." Nikamuuliza kama anafurahi yeye, si mwizi. Akafikiri. Akasema hapana, anaona wanamchukia, lakini akimbadilisha itakuwa uongo, kwa sababu mtu haachi kuiba ghafla. Nilimwelewa. Alikuwa anamheshimu mhusika wake kuliko anavyojiheshimu, ameshakuwa mtumwa wa karatasi aliyoiandika kwa kalamu yake. Nikamwambia ukweli una njia nyingi, atafute nyingine. Sikumwonyesha.

Jumamosi iliyofuata mpiganaji akaamka akakuta mfukoni mwake kuna pete ya dhahabu asiyoijua. Mchawi akakuta kitabu alichokuwa anakitamani sokoni. Mwizi bado anaiba, tena usiku kucha, ila sasa anaiba kwingine na kutia kwenye mifuko ya wenzake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Miezi miwili hawakujua ni nani, na binti alikuwa anakaa pale uso mkavu, macho yanang'aa.

Kuhusu mhusika kumgeuza anayemwongoza, nilikuwa na mashaka mpaka nilipoona kwa macho. Mpwa wangu alikuwa na sauti ya Bi Mwanamvua, ya chini, ya polepole, yenye "mwanangu" na "baba yangu" ndani yake. Mwishoni mwa mwaka ule mwenye nyumba wao alikuja kudai kodi kabla ya tarehe, akamkuta dada hayupo. Zamani kijana angejifungia chumbani. Dada alisimuliwa na majirani: alitoka, akamwamkia, akamtolea kiti, akasema, "Baba yangu, kaa kwanza upumzike, mama anarudi, mtaongea vizuri." Mzee wa watu akakaa. Wapo watafiti wa Marekani, Nick Yee na Jeremy Bailenson, walioandika mwaka 2007 kwamba watu waliopewa miili mirefu katika ulimwengu wa kompyuta walikuwa wagumu zaidi katika kupatana kugawana fedha kuliko waliopewa mifupi, ingawa urefu ule haukuwa wao. Mpwa wangu alipewa magoti mabovu na mkongojo, na vikamtosha kumkalisha mwenye nyumba.

Aprili 2024 ilitoka gemu iitwayo Tales of Kenzera: Zau. Iliongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yuleyule aliyempa sauti Bayek wa Siwa katika gemu ya Assassin's Creed Origins. Aliitengeneza kutokana na msiba wa baba yake. Mhusika unayemwongoza ni Zau, mganga kijana mwenye vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Anakwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, anafanya naye mapatano: amletee mizimu mitatu mikubwa, naye arudishiwe baba yake. Na unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili.

Nilingoja mpaka nilipopata kompyuta ya kuazima inayoiweza, na pedi ya waya. Sikumwambia mpwa wangu inahusu nini. Nilimwambia tu ipo gemu inaongea lugha yetu. Alikuwa na miaka 17 sasa, mrefu kuliko mimi. Tulikaa sebuleni kwao, dada alikuwa ameenda kwenye kikoba chake. Zau akafungua mdomo, akasema "Baba". Tuliokulia vibandani tumezoea wahusika wetu wawe wageni, tuwakute wameshazungumza lugha yao na sisi tuwafuate nyuma kwa kukisia. Mtoto wa Ngamiani mimi, nilikuwa nadhani hayo yamepita, lakini neno lile lilinipiga kifuani. Nilimtazama mpwa wangu kwa pembeni. Alikuwa ameikaza pedi.

Tulifika kwa Impundulu, ndege wa radi. Alimwua Zau. Akamwua tena. Niliona kosa lake liko wapi: alikuwa anashikilia kinyago cha jua muda wote, anakimbilia karibu wakati wa kukaa mbali na kupiga kwa kile cha mwezi. Mara ya saba. Mara ya tisa. Mara ya kumi na moja mkono wangu uliondoka wenyewe kwenye paja, ukanyooka kuelekea kwenye pedi, na maneno yakafika mpaka kwenye meno: lete, nikupitishie.

Niliurudisha mkono. Nikashika kikombe changu cha chai kwa mikono yote miwili, nikakishikilia hivyo hivyo. Mara ya kumi na nne alibadilisha kinyago. Mara ya kumi na sita ndege yule akaanguka, na kijana hakushangilia, alivuta pumzi tu kama aliyetoka chini ya maji.

Mbele kidogo kulikuwa na mbuyu. Katika gemu hii mibuyu ni mahali pa Zau kukaa na kusema yaliyo moyoni kuhusu baba yake, na akimaliza uhai wake unaongezeka. Wachezaji wengi wenye haraka hubonyeza ili maneno yapite. Mpwa wangu alimkalisha Zau chini ya mti, kisha akaiweka pedi sakafuni. Zau akazungumza. Kijana alisikiliza mpaka neno la mwisho, kioo kikatulia, Zau ameinuka, anangoja aambiwe aende wapi. Hakumwambia. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, watoto wa jirani walikuwa wanacheza rede, na chai yake ilikuwa imepoa mezani. Sikumwambia anywe.